Kagueni Nasingi Homu Kabla Uchungu Haujaanza

(Haya ni maneno tuliyosema mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia, Marikiti, Mombasa. Tumeyaacha karibu kama yalivyosemwa, ili vikundi ambavyo havikufika vipate kuyasoma pamoja kwenye mkutano wao.)



Twashukuru mmekuja, tena siku ya soko. Twajua wako humu walioacha mafungu ya mchicha na mnavu kwa jirani, na wako waliovuka feri tangu alfajiri. Kwa hivyo hatutazunguka sana.

Mmetuomba tuseme juu ya nasingi homu: ipi ni salama, ipi si salama, na mtu wa kawaida atajuaje. Hebu kwanza tukubaliane juu ya jina. Kule Uingereza mtu akisema nasingi homu ana maana ya nyumba ya kutunzia wazee. Hapa kwetu sivyo. Hapa Mombasa ni hospitali ndogo, ya mtu binafsi au ya shirika, yenye vitanda vichache, ambapo mama huenda kujifungua, mtoto huongezewa maji, na mzee hulazwa siku mbili tatu. Mambo ya nyumba za wazee ni makubwa nayo yana siku yake. Leo twasema juu ya hizi zetu, na zaidi juu ya kujifungua, maana huko ndiko pesa za vikundi vyenu huenda, na huko ndiko maisha hupotea upesi.

Zamani shida ilikuwa kufika. Utafiti wa serikali wa mwaka 1998 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100, ni 42 tu waliozaliwa katika kituo cha afya. Waliobaki walizaliwa nyumbani au njiani. Basi sote tukawa na wimbo mmoja, makanisa, machifu, wizara: nendeni hospitali, nendeni hospitali. Mwaka 2013 serikali ikaondoa malipo ya kujifungua katika vituo vyake. Utafiti wa 2022 ukakuta watoto 82 kati ya 100 wamezaliwa katika kituo. Hayo ni maendeleo, hakuna atakayekataa.

Lakini angalieni upande wa pili. Mwaka 2014 ilikadiriwa kwamba akina mama 362 hufa kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Sensa ya 2019 ikatoa 355. Hesabu hizi mbili zilipatikana kwa njia tofauti, hazilinganishwi kama kilo za vitunguu, lakini hata hivyo zatuambia jambo. Watu wameitika wito, wamefika mlangoni, na bado akina mama wanakufa. Mlango peke yake hauokoi mtu. Inategemea ni nini kilichoko ndani ya mlango.

Na hapo ndipo tunaposhangaa. Nyinyi ni watu wa Marikiti. Mama wa Marikiti akinunua iliki hunusa, huvunja moja kwenye kiganja, huangalia kama mbegu ni nyeusi na zanata. Nazi huitikisa sikioni. Mizani huiangalia kabla bidhaa haijawekwa. Hakuna atakayemwuzia pilipili manga iliyochanganywa na mbegu za papai. Lakini mama huyo huyo, binti yake akishikwa na uchungu saa nane za usiku, huingia nyumba ya kwanza yenye taa. Hatumlaumu. Saa nane za usiku hakuna anayekagua kitu. Ndiyo maana twasema kazi hii ni ya kikundi, wala si ya mwenye uchungu, na ifanywe mimba ikiwa ya miezi sita au saba, mchana, akili ikiwa imetulia.

Nani aende? Twaona watatu watosha. Mmoja awe mama aliyejifungua karibuni, maana yeye ajua mahali panapouma. Wa pili awe mweka hazina wenu, kwa sababu ya mambo ya malipo. Wa tatu awe mwanamume, ikiwezekana yule mwenye tuktuk au anayejua njia za usiku, na tutaeleza baadaye kwa nini. Nendeni kwa heshima. Msiingie kama polisi. Semeni, "Sista, sisi ni kikundi, tuna akina mama watano watakaojifungua mwaka huu, tungependa kujua nyumba yenu." Mwenye nyumba anayefanya kazi yake vizuri atafurahi, maana mnamletea wateja watano. Akikasirika kabla hamjauliza lolote, basi mmekwisha kupata jibu la kwanza.

Karatasi ya ukutani

Anzeni na leseni. Kituo chochote cha binafsi Kenya lazima kiwe na leseni ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, nayo hutolewa kwa mwaka. Yapasa ibandikwe mahali inapoonekana. Wengi huona fremu na kioo wakaridhika. Someni mwaka. Tena someni ngazi: zahanati ni ngazi ya 2, kituo cha afya ni ngazi ya 3, hospitali huanzia ngazi ya 4. Nyumba ya ngazi ya chini inayowaambia ati "hapa twapasua pia" inataka kuulizwa kwa makini zaidi. Wale wenye simu za intaneti wanaweza kutafuta jina la nyumba katika orodha ya Baraza lenyewe. Si jambo la mchezo: mwaka 2025 serikali ilitangaza kufungwa kwa vituo zaidi ya 700 nchi nzima, na vingine kama 300 vilishushwa ngazi. Nyumba yaweza kupokea wagonjwa kama kawaida, rangi ikiwa nzuri na bango likiwaka, nayo haifai.

Lakini tusidanganyane. Leseni ni mwanzo tu. Yasema kwamba siku moja mtu aliiona nyumba ile ikafaa. Haisemi nani yuko zamu leo usiku.

Kwa hivyo ulizeni hilo hilo: usiku yuko nani? Si mchana. Mchana daktari yupo, matroni yupo, hata mwenye nyumba yupo na tai shingoni. Usiku katika nyumba nyingine hubaki msichana mmoja aliyefundishwa kufunga vidonda, na askari wa lango. Anayezalisha awe ni mkunga au muuguzi aliyesajiliwa, au afisa wa kliniki, au daktari, naye ana leseni yake mwenyewe. Ombeni kuona orodha ya zamu. Ikiwa jina ni lile lile Jumatatu usiku, Jumanne usiku, Jumatano usiku, na mchana wake pia, mtu huyo hulala saa ngapi?

Mambo manne yanayoua

Sasa twafika penye uzito. Uzazi mwingi huenda salama hata mahali pabovu, na hilo ndilo linalofanya nyumba mbovu zipate sifa. "Mimi nilizalia pale, hakuna shida." Ndiyo, hakuna shida kwa sababu hakukuwa na shida. Nyumba hupimwa siku mambo yakiharibika. Na mambo yanayoharibika tunayajua, hayafichiki.

La kwanza ni damu. Mama akishajifungua, damu kiasi kutoka ni kawaida. Ikifika nusu lita hiyo ni hatari, na ikiachwa yaweza kumwua mama mwenye afya nzuri katika muda wa saa mbili hivi. Ulizeni: hapa mnajuaje kwamba damu imekuwa nyingi? Sista akijibu, "Twaangalia," amesema kweli, ndivyo ilivyokuwa miaka yote. Lakini macho hudanganya, hasa damu ikishanyonywa na leso na shuka. Mwaka 2023 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Akina mama walitandikiwa plastiki yenye mfuko uliochorwa vipimo, damu ikaingia humo ikaonekana ni kiasi gani. Ilipofika kiasi cha hatari, wahudumu walifanya mambo yote kwa pamoja, badala ya kujaribu moja na kungoja: kusugua tumbo, sindano ya kukaza kizazi, dawa ya kuzuia damu, maji ya mshipa, na kuangalia kama kuna mahali pamechanika. Madhara makubwa ya kutoka damu yalipungua kwa asilimia 60. Hebu fikirini: plastiki, na watu waliojua la kufanya. Hakuna mashine ya mamilioni hapo. Basi ulizeni kama wanayo plastiki hiyo au chombo chochote cha kupimia, na sista awaeleze atafanya nini kwanza, nini pili. Anayejua hueleza upesi bila kutazama dari.

Sindano yenyewe ya kukaza kizazi, oksitosini, yataka baridi, kati ya nyuzi 2 na nyuzi 8. Mnalijua joto la Mombasa mwezi wa Machi. Dawa ikikaa kabatini katika joto lile hupoteza nguvu, na mama huchomwa maji matupu huku kila mtu akidhani ametibiwa. Ombeni kuona friji. Msione haya. Ndani mnatafuta dawa, na kipimajoto, na karatasi ambayo mtu huandika joto asubuhi na jioni. Katika nyumba moja, ambayo hatuitaji, tulifungua friji tukakuta soda, samaki wawili wa mtu wa zamu, na dawa kando ya samaki. Na waulizeni: stima ikipotea usiku kucha, dawa hii huenda wapi? Nyumba nzuri ina jibu, hata kama ni sanduku la barafu.

La pili ni kifafa cha mimba. Hapa twapita upesi, maana swali ni fupi. Je, mashine ya kupima presha ipo na inafanya kazi? Ipimwe mbele yenu, mmoja wenu atoe mkono. Na je, dawa ya magnesiamu salfeti ipo ndani ya nyumba, au hutumwa mtu duka la dawa? Duka la dawa saa tisa za usiku limefungwa.

La tatu ni mtoto asiyelia. Mtoto asipovuta pumzi, dakika ya kwanza ndiyo yenye thamani. Hukaushwa, husuguliwa mgongo, na bado asipovuta hupulizwa hewa kwa kifuko kidogo cha mpira chenye kifuniko cha kutosha uso wa mtoto mchanga. Mwombeni sista awaonyeshe kifuko hicho. Kisha nyamazeni, muangalie atakwenda wapi kukichukua. Kikiwa mezani karibu na kitanda cha kuzalia, vema. Kikiwa kabatini na ufunguo uko kwa matroni, na matroni yuko nyumbani Bamburi, kifuko hicho hakipo.

La nne ni uchungu usioendelea, mtoto amekwama. Hapa nyumba iwe na chumba cha upasuaji, au ijue mapema kwamba haina. Twasema hivi kwa uzito: nyumba ndogo isiyopasua, lakini inayoandika maendeleo ya uchungu kwenye chati kila baada ya muda na kumpeleka mama mbele mapema, sisi twaiona bora kuliko nyumba yenye thieta inayomngoja daktari anayekuja na kwenda. Kama wanapasua, ulizeni anayepasua ni nani, na anayelaza usingizi ni nani, wote wawili, usiku. Mara nyingi wa kwanza yupo na wa pili hayupo.

Safari ya usiku

Hii ndiyo sababu tulisema mje na mwenye tuktuk. Kisiwani hapa tuna bahati. Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo wenyeji bado huiita Makadara, iko upande huu huu wa maji. Kutoka Marikiti si mbali, na usiku barabara ni nyeupe. Lakini akina mama wengi walioko humu hawalali kisiwani. Wa Likoni, wa Ng'ombeni, wa Tiwi, wana feri kati yao na Makadara. Hata gari la wagonjwa likipewa nafasi ya mbele, feri yenyewe yaweza kuwa ng'ambo ya pili inapakia. Wa Mtwapa na Kisauni wana daraja la Nyali. Wa Miritini na Changamwe wana Makupa na malori ya bandari.

Kwa hivyo kuna njia mbili, na kila kikundi kipime yake. Ama mchague nyumba iliyo upande wenu wa maji na mjue pia hospitali kubwa iliyo upande huo huo, kwa mfano wa kusini wajue Msambweni na Kwale, wa kaskazini wajue Kilifi. Ama mama mwenye dalili za hatari, aliyepasuliwa uzazi uliopita, mwenye presha, mwenye mapacha, avuke aje kukaa kwa jamaa kisiwani wiki mbili kabla. Wiki mbili kwa shangazi zina usumbufu wake, twajua, lakini feri haingojewi na damu.

Katika nyumba mnayokagua, ulizeni: gari ni lenu au ni la kuita? Dereva hulala wapi? Mnapiga simu mbele kwanza? Je, sista huandamana na mgonjwa, au mama hutiwa ndani ya teksi na mama mkwe wake na karatasi mkononi? Na ulizeni hili, ambalo sisi twalipenda kuliko yote: mara ya mwisho mlimpeleka mama hospitali kubwa lini, na alifika baada ya muda gani? Nyumba ikijibu, "Wiki iliyopita, tulitumia nusu saa, mama na mtoto wazima," hiyo ni nyumba inayojua mpaka wake. Ikijibu kwa fahari, "Sisi hatujawahi kupeleka mtu," ama haipokei wagonjwa wengi ama haisemi kweli.

Na damu ya kuongezewa itatoka wapi? Hapo kikundi chaweza kufanya jambo bila kungoja nyumba. Watu wazima wenye afya, wenye kilo 50 na zaidi, wachangie damu mapema, na mjue ni nani kati yenu aliye tayari kuitwa.

Maji, mapazia, na maneno

Mji wa Kale mnaujua kwa maji. Mfereji hukauka siku kadhaa, kisima kina chumvi, na mkokoteni wa mitungi ndio mkombozi. Fungueni bomba la chumba cha kuzalia kwa mkono wenu. Likitoa maji, ulizeni tangi ni kubwa kiasi gani. Lisipotoa, tazameni pipa lina kifuniko na kata, na kama kuna sabuni mahali mkunga anaponawa. Vyombo huchemshwa kwa nini, na baada ya kila mama au mwisho wa siku? Choo kitazameni pia. Mambo ya rangi ya ukuta, televisheni ya ukumbini na maua ya plastiki, hayo yapiteni tu.

Kuna jambo ambalo halionekani kwenye vyombo. Utafiti wa mradi wa Heshima uliofanywa katika vituo 13 nchini Kenya ulikuta kwamba mwanamke 1 kati ya 5 alisema alitendewa vibaya au kuvunjiwa heshima wakati wa kujifungua. Kutukanwa, kupigwa, kuachwa peke yake, kuvuliwa nguo mbele za watu. Wako wanaosema hayo ni madogo, bora mtoto yu hai. Si madogo hata kidogo. Mama aliyetukanwa hapo hatarudi mimba inayofuata, atabaki nyumbani, na atamwambia mdogo wake abaki nyumbani. Hivyo angalieni kama kuna pazia kati ya vitanda. Ulizeni kama mama aruhusiwa kuwa na mtu wake chumbani, dada au mama yake au mumewe. Kisha tokeni nje, mketi kidogo langoni, muongee na waliolazwa na wanaokuja kuwaona. Huyo wa pale langoni mwenye bakuli la uji atawaambia zaidi ya matroni.

Mambo ya pesa

Mweka hazina, hapa ndipo pako. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, NHIF haipo tena, mahali pake pana SHA. Bado wako wanaoshika kadi ya zamani wakidhani inafanya kazi. Kila nyumba mnayokagua iulizweni kama ina mkataba na SHA, na kwa huduma gani. Mchango kwa asiye na mshahara hukadiriwa kwa hali ya nyumba yake, kiasi cha chini kikiwa Sh300 kwa mwezi, nao hulipwa wa mwaka mzima. Yaani Sh3,600 kwa pamoja, na hapo ndipo wengi hukwama. Kikundi chenye merigoraundi chaweza kuweka mzunguko mmoja wa mwaka kuwa wa jambo hili tu. Vikundi viwili hapa vimekwisha anza, mtawasikia baada yetu.

Takeni bei kwa maandishi: kujifungua kwa kawaida ni kiasi gani, kwa upasuaji ni kiasi gani, siku ya ziada ni kiasi gani, glavu na pamba ziko ndani ya bei au nje. "Tutaelewana" si bei.

Tena ulizeni bila kuzunguka: mama akishindwa kumaliza kulipa, mnafanya nini? Kuwafungia akina mama ndani kwa sababu ya deni lilikuwa jambo la kawaida sana, watu wakalizoea kama mvua. Wanawake wawili waliozuiliwa katika hospitali ya uzazi ya Pumwani, Nairobi, mwaka 2010, walikwenda mahakamani, na mwezi wa Septemba 2015 Mahakama Kuu ikaamua kwamba kuwazuilia kulivunja haki zao za kikatiba, ikawapa fidia. Deni ni deni, hulipwa, na mwenye nyumba ana haki ya kulidai kama deni jingine lolote. Lakini mtu si rehani. Vilevile Katiba ya 2010, kifungu cha 43, yasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Mama anayevuja damu hasukumwi langoni aende kutafuta amana kwanza.

Mkishakagua, mfanye nini

Andikeni. Karatasi moja kwa kila nyumba, tarehe juu, waliokwenda, waliyoyaona kwa macho, na waliyoambiwa tu. Mambo mawili hayo myatenganishe: "tuliona friji ina kipimajoto" si sawa na "tuliambiwa iko friji." Msitoe alama za kubahatisha. Rudini tena baada ya miezi sita, maana sista mzuri aliyewapokea huenda amehamia Nairobi.

Wako watakaowaambia nyinyi si madaktari, mwajua nini. Wajibuni hivi. Jirani zetu wa Kilifi, pamoja na Kakamega na Meru, kuanzia mwaka 2016 waliona jaribio la Wizara ya Afya na Benki ya Dunia, ambapo vituo vya serikali na vya binafsi vilikaguliwa kwa orodha moja ya usalama, na katika baadhi ya sehemu matokeo yakabandikwa mlangoni ili kila mwenye kuingia asome. Vituo vilivyokaguliwa vilipata usalama bora kuliko vile ambavyo havikukaguliwa. Wale walikuwa wakaguzi wa serikali, wenye sheria mkononi, nanyi hamna uwezo wa kufunga mlango wa mtu. Lakini sisi twaona kwamba kujua kuna anayekuja kutazama nako kuna nguvu yake. Hilo kikundi chaweza kulifanya.

Mkikuta upungufu, mwenye nyumba aambiwe kwanza, kwa upole, ana kwa ana, apewe nafasi. Mengi ni ya kurekebisha kwa wiki moja: kifuko cha mtoto kitolewe kabatini, kipimajoto kinunuliwe. Mkikuta jambo la hatari, hakuna leseni, hakuna mkunga usiku, mtu anajiita daktari naye si daktari, hilo halingoji upole. Pelekeni kwa ofisi ya afya ya kaunti ndogo, na kwa Baraza lenyewe, kwa barua yenye tarehe, mbaki na nakala. Na msilitangaze sokoni kabla hamjaliandika, maana uvumi wa Marikiti hufika Lamu kabla ya basi, na mwenye nyumba aliyesingiziwa naye ana haki zake.

Tumechapa orodha ya maswali haya kwenye ukurasa mmoja, iko pale mezani kando ya birika la chai. Kila kikundi kichukue nakala mbili. Tungependa vikundi vya Likoni vianze na nyumba za ng'ambo, na vya kisiwani vianze na hizi za karibu, ili msiende wote mahali pamoja. Karatasi zitakazorudi kabla ya mkutano ujao tutaziweka pamoja na kuzisoma hapa, pamoja na majibu ya wenye nyumba watakaopenda kujibu. Sasa tuwasikie wale wa vikundi viwili vya mfuko wa SHA, kisha maswali.